Nimekwama sura ya 5 ya riwaya ya It ya Stephen King. Hili tofali linasomwaje?

Koroboi_Usiku
Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Naomba msaada wa waliomaliza It. Niko sura ya 5 na kitabu kinanishinda. Hofu naimudu, ila njia ndiyo naipoteza. Mara 1957, mara 1984, mara watu wazima wanapigiwa simu, mara watoto wako kando ya mto. Majina yamejaa hadi nasahau nani ni nani.

Maswali yangu:
1. Mnawashikaje watu na miaka bila kurudi nyuma kila baada ya kurasa kumi?
2. Ile shajara ya mkutubi baada ya sura ya 3, ni lazima?
3. Tuko wanne tunaosoma pamoja, kila mtu ana toleo lake. Mmoja akisema "nipo ukurasa wa 300" wengine hatujui ni wapi. Tufanyeje?
4. Kuna maneno ambayo kamusi haisaidii.

Tafadhali msinifichulie mwisho.

Kurasa_Elfu
Mkuu, karibu Derry, mji wa hadithi hii. Kwanza ondoa wazo kwamba hadithi inarukaruka ovyo. Inarukaruka kwa sababu, na ukiijua sababu nusu ya tabu inakwisha.

Wale watu wazima wamesahau utoto wao. Anayeondoka Derry husahau. Aliyebaki, Mike Hanlon, ndiye anayekumbuka, na ndiye anayepiga simu. Kwa hiyo karibu kila unapopelekwa 1958 kuna mtu mzima wa 1985 ambaye kumbukumbu zinaanza kumrudia. Sura ya 4 ni Ben ndani ya ndege. Sura ya 5 uliyonayo ni Bill ndani ya ndege ya Concorde. Sura ya 9 ni Beverly, naye yuko angani. Kabla ya kuuliza "tuko mwaka gani", uliza "nani anakumbuka". Jibu hilo litakupa mwaka, na litakupa pia macho ya kutazamia.

Sasa miaka yenyewe. Kuna mihimili miwili tu ya kushika: kiangazi cha 1958 (watoto wana miaka kumi na moja hivi) na Mei 1985. Sura ya 1 ni Oktoba 1957, kifo cha George, mdogo wake Bill. Sura ya 2 ni Julai 1984. Hizo mbili ni milango, moja kwa kila muhimili. Sentensi ya kwanza kabisa ya kitabu inataja miaka 28, halafu baadaye kila mtu anasema 27, na wasomaji hudhani mwandishi amekosea hesabu. Hajakosea. Ile 28 inahesabiwa tangu George afe hadi mambo yote yaishe mwaka 1985. Ile 27 ni mzunguko wa kile kitu, yaani kiumbe cha kutisha kinachoitwa It, takribani, kati ya kulala na kuamka.

Chukua karatasi moja, ikunje katikati. Kushoto 1958, kulia 1985. Andika saba hawa tu:

Bill Denbrough: kigugumizi, kiongozi / mwandishi wa riwaya za kutisha, mkewe Audra ni mwigizaji
Ben Hanscom: mnene, mpenda maktaba / msanifu majengo, Nebraska
Beverly Marsh: msichana pekee / mbunifu wa mavazi, Chicago
Richie Tozier: miwani, mdomo haufungi, huiga sauti / mtangazaji wa redio, Los Angeles
Eddie Kaspbrak: pumu, mama mkali / ana kampuni ya magari ya kifahari ya kukodi, New York
Stan Uris: Myahudi, msafi, mpenda ndege / mhasibu, Atlanta
Mike Hanlon: mtoto mweusi, anaishi shambani / mkutubi, Derry

Chini ya kila jina acha mistari mitatu. Hapo utaandika kile alichokiona mtoto huyo, mahali, na ukurasa. Kile kitu humtokea kila mtoto kwa sura ya hofu yake mwenyewe, na baadaye watoto wanaanza kusimuliana. Ukiwa umeandika, mkutano wao unakugonga. Usipoandika, unaona wanarudia habari.

Angalizo: Beverly ni Marsh akiwa mtoto, Rogan akiwa mtu mzima, kwa jina la mume. Wengi huhesabu wanawake wawili.

Majina ya kutupa: karibu wote wa sura ya 2. Sura ile imejengwa kwa maelezo ya polisi na watuhumiwa; isome kama faili la kesi, kisha waache waende zao. Sura ya 3 vilevile, ina simu sita ndani yake na kila simu ina mke, mume, mhudumu wa baa, mfanyakazi. Hapo shika mpigiwa simu na anachofanya baada ya kukata. Basi. Sura hiyo ndiyo huua wasomaji wengi, maana ni ndefu na watu wazima wale bado hawajakuhusu. Wewe umeshaivuka, kwa hiyo pabaya umeshapita.

Wa kuandika kando ni wabaya wa 1958: Henry Bowers, Victor Criss, Belch Huggins, na Patrick Hockstetter. Huyo wa mwisho usimsahau hata akipotea kwa kurasa mia kadhaa.

Mtaa_wa_Pili
Kuhusu swali la 2: ruka. Shajara za Mike ni historia ya mji, ziko tano, zote zinaeleza mambo yaliyopita kabla watoto hawajazaliwa au yaliyokuwa pembeni. Hadithi inasimama bila hizo. Rudi uzisome ukimaliza.

Bi_Maktaba
Mtaa_wa_Pili, hapana kabisa kaka. Ukiziruka utabaki na kitabu kuhusu mchekeshaji wa sarakasi anayekula watoto. Kitabu hiki kinahusu mji.

Angalia zinavyokwenda. Zimewekwa mwishoni mwa kila sehemu, na tukiacha ya kwanza na ya mwisho, zinarudi nyuma: ya pili inaeleza moto wa klabu ya Black Spot mwaka 1930, ya tatu inaeleza genge la Bradley lilivyopigwa risasi mjini mwaka 1929, ya nne inaeleza mauaji ya shoka kwenye baa mwaka 1905. Katikati ya hayo kuna mlipuko wa kiwanda cha chuma cha Kitchener, siku ya Pasaka 1906, watoto walipokuwa wakitafuta mayai ya sikukuu: watu 102 walikufa, 88 kati yao watoto. Yote ya kubuni, lakini yamewekewa tarehe na hesabu kama kumbukumbu za halmashauri.

Sasa soma kila tukio ukijiuliza: nani alikuwepo, na alifanya nini? Moto wa Black Spot uliwashwa na raia waliovaa mashuka meupe dhidi ya askari weusi. Genge la Bradley liliuawa na wenye maduka, mchana kweupe, kisha kila mtu akadai siku hiyo alikuwa nje ya mji. Baani, mtu anakatakata wenzake kwa shoka na walioko kaunta wanaendelea kunywa. Hilo ndilo jibu la swali litakalokusumbua kurasa mia nane: kwa nini hakuna mtu mzima anayewasaidia hawa watoto? Jirani anatazama, anakunja gazeti, anaingia ndani. Usiposoma shajara utasema mwandishi kasahau kuweka polisi.

Kitu kimoja kinachowapoteza watu: shajara ya kwanza imewekwa baada ya simu za Mei 1985, lakini maandishi yake yanaanza Januari mwaka huohuo. Mike anaandika akiwa bado anasita kuwapigia wenzake. Tazama tarehe juu ya kila ingizo.

Nitakubali jambo moja. Ya kwanza ni nzito, ina wanahistoria wa mji na makumbusho ya walowezi. Kama unachoka, isome kwa vikao viwili. Ya pili itakulipa. Ni baba yake Mike anayesimulia akiwa mgonjwa kitandani, na ni miongoni mwa kurasa bora kabisa za kitabu kizima.

Mtaa_wa_Pili
Bi_Maktaba nimekubali kwa ya pili. Kwa ya kwanza nabaki na msimamo wangu.

Koroboi_Usiku
Asanteni sana. Karatasi nimeshaikunja. Sasa maneno: kwenye sura ya kwanza kaka mtu anampakia mdogo wake "paraffin" kwenye mashua ya karatasi. Mafuta ya taa? Karatasi si italowa tu? Halafu hao "Barrens" ni jangwa? Mbona kuna mto?

Sanifu_na_Mtaa
Hilo la parafini limewachanganya Waafrika Mashariki wengi. Kwetu, hasa Kenya, parafini ni mafuta ya taa. Kwa Mmarekani ni nta, ile nyeupe ya kutengenezea mishumaa na kufunikia chupa za jamu. Bill anaiyeyusha na kuipaka mashua isipenye maji. Ndiyo maana George anatumwa kuifuata chumba cha chini ya nyumba, na ndiyo maana mashua inaelea mbali vile.

"Barrens" ni jina la mahali. Neno lenyewe lina maana ya ardhi isiyozaa, lakini pale ni bonde lenye vichaka vizito na miti kando ya kijito cha Kenduskeag, na kitabu chenyewe kinaicheka tofauti hiyo. Majitaka ya mji yanatokea hapohapo. Fikiria pori la bondeni nyuma ya mji ambako watoto wanakatazwa kwenda na ndiko wanakoshinda.

Mengine ya kuandika nyuma ya karatasi yako:

Maji. Hapa usichanganye, kwani hadithi nzima inatembea ndani ya mabomba. Kuna mtaro wa maji ya mvua, ule wenye mdomo ukingoni mwa barabara ambako George anachungulia. Kuna bomba la majitaka. Kuna tundu la sinki bafuni. Kuna mfereji mkubwa unaopita katikati ya mji na kuingia chini ya ardhi. Na kuna Standpipe, mnara wa tangi la maji juu ya kilima. Vyote vinaunganika chini, na kitabu kinaeleza kwamba ramani za mabomba hayo zilipotea.

"Silver" yenye herufi kubwa ni baiskeli ya Bill, kubwa kuliko yeye. Yenye herufi ndogo ni fedha, madini. Vyote viwili vina kazi.

"It" yenye herufi kubwa katikati ya sentensi ni kile kitu. Yenye herufi ndogo ni kiwakilishi cha kawaida. Ukisoma haraka unapitwa, na anayesikiliza kitabu haoni kabisa tofauti.

"Ayuh" ni "ndiyo" ya watu wa Maine, jimbo la Marekani. "Beep-beep, Richie" maana yake "funga mdomo, Richie". Sauti anazoiga Richie zimechukuliwa redioni na kwenye sinema za miaka hiyo. Usijitese kuzielewa zote, hata wenzake wanaona nyingi hazichekeshi.

"Float" ni kuelea. Weka alama kila unapoliona tangu sura ya kwanza. Sisemi zaidi.

Sentensi ya mazoezi ya kigugumizi anayorudiarudia Bill, ile ya ngumi na nguzo na mizimu: isome kwa sauti hadi ulimi uizoee. Katika Kiingereza imejaa sauti zinazomkwamisha mwenye kigugumizi, na ukiisoma kimoyomoyo huoni ugumu wake. Itarudi.

Fundi_Jalada
Swali la 3. Acheni kutumia namba za kurasa. Toleo la kwanza la Marekani la 1986 lina kurasa 1,138. Matoleo ya jalada laini yanatofautiana kwa mamia kutegemea ukubwa wa herufi, na kwenye simu hakuna ukurasa kabisa. Sura za kitabu hiki zimegawanywa kwa vifungu vyenye namba. Semeni "sura ya 8, kifungu cha 5" na wote wanne mtakutana palepale.

Ratiba inayobeba kundi la watu wenye kazi ni wiki saba, kama kurasa 23 kwa siku kwa toleo la 1,138:

Wiki 1: sura 1–3 na shajara ya kwanza
Wiki 2: sura 4–6
Wiki 3: sura 7–9 na shajara ya pili
Wiki 4: sura 10–12 na shajara ya tatu
Wiki 5: sura 13–15
Wiki 6: sura 16–18 na shajara ya nne
Wiki 7: sura 19–23, shajara ya mwisho na hitimisho

Hazilingani uzito. Wiki ya kwanza na ya saba ni nzito. Ya saba watu humaliza kwa siku tatu kwa sababu hawawezi kuacha. Kutaneni mwisho wa kila wiki, na mwenye kutangulia asizungumze.

Kitabu kina maneno zaidi ya laki nne. Anayesoma Kiingereza kwa maneno 200 kwa dakika atahitaji saa 37 hivi. Kwa maneno 150, karibu saa 49. Toleo la kusikiliza linalosomwa na Steven Weber ni karibu saa 45. Ukiongeza mwendo hadi moja na robo linashuka saa 36, na bado linasikika vizuri isipokuwa kwenye kigugumizi cha Bill na sauti za Richie. Hapo rudisha mwendo wa kawaida. Sikiliza sura ya 3 huku unafuata kwenye maandishi, ndiyo dawa nzuri ya sura ile. Shajara msisikilize mkiwa barabarani, tarehe zitawapita.

Kwa wanaonunua mtumba: kitabu kinene cha jalada laini hufa mgongoni. Gundi inakauka, ukikifungua kwa nguvu katikati kinapasuka na kurasa zinatoka kwa mafungu. Kabla ya kulipa, shika kitabu kwa mgongo, kielekeze chini, kitikise taratibu. Kisha kagua sehemu tatu: kurasa za mwanzo kabisa, katikati, na ishirini za mwisho. Hizo za mwisho ndizo hupotea zaidi, na hakuna mahali pabaya pa kukosa kurasa kama hapo. Ukishakinunua, usikipasue. Kiweke kimesimama kwa mgongo mezani, laza jalada la mbele, kisha la nyuma, kisha kurasa kumi kumi kila upande ukizibonyeza kidogo hadi ufike katikati. Dakika tano tu.

Koroboi_Usiku
Sura na kifungu! Mbona hatukuona. Leo nawaambia wenzangu.
Swali la nyongeza: mmoja wetu ni mama, anauliza kama kuna mambo ya kumwonya kabla.

Bi_Maktaba
Yapo, na ni haki yake kuyajua. Nayataja kwa sura, bila kufichua kisa.

Sura ya 1: mtoto mdogo anauawa, kwa uwazi. Hiyo ameshaipita.
Sura ya 2: kijana anashambuliwa kwa sababu ya kuwa shoga. Tukio linafanana na la kweli: Julai 1984 huko Bangor, Maine, Charlie Howard alitupwa na vijana kutoka darajani ndani ya Kenduskeag akafa. King alikuwa akiandika kitabu hiki mjini humohumo. Alianza Septemba 1981 akamaliza Desemba 1985, ameandika mwenyewe mwishoni mwa kitabu.
Sura ya 3: mtu kujiua, na mume kumpiga mke. Huo wa pili unaendelea mbele, na pia kuna baba anayempiga binti.
Sura ya 17: ukatili kwa wanyama. Hii ndiyo sura ngumu kuliko zote kwa wapenda wanyama. Inaweza kusomwa haraka, ila usiiruke yote, kuna kitu cha sura ya 18 kinachoanzia hapo.
Sura ya 22, mwishoni mwa upande wa 1958: kuna kifungu kinachowahusu watoto wale wakiwa chini ya mji ambacho wasomaji wengi, hata wapenzi wa King, hawakikubali. Mimi pia naona hakikupaswa kuwepo. Mkianza kuona kinapoelekea, rukeni hadi kifungu kinachofuata. Hampotezi njia.
Na matusi ya rangi na ya dini kitabu kizima, midomoni mwa Henry na baba yake hasa.

Kurasa_Elfu
Nakubaliana na kila neno la Bi_Maktaba, hasa la sura ya 22.

Mpenda_Picha
Hivi si rahisi aangalie filamu kwanza, apate picha ya watu vichwani, halafu ndipo asome?

Kurasa_Elfu
Kwa kitabu hiki inaharibu, na sababu si kufichua tu. Filamu za 2017 na 2019 zimehamisha utoto hadi 1989 na utu uzima hadi 2016. Anayezitazama kisha akasoma anaanza kuhesabu miaka upya kila sura. Pili, filamu hizo zimetenganisha: watoto kwanza, wakubwa baadaye. Kitabu kinavisuka pamoja, na utamu wake uko kwenye msuko huo. Tatu, maumbo ambayo watoto wanaona yamebadilishwa. Kitabuni mengi yametoka kwenye sinema za enzi zao: maiti iliyokaushwa ya Misri, mtu anayegeuka mbwamwitu. Mtoto wa 1958 aliogopa alichokiona sinema ya Jumamosi. Ukiwa na picha za filamu kichwani, utangoja vitu ambavyo havipo.

Kama anataka picha, atafute picha za mji wa Bangor. Ule mnara wa tangi la maji upo kweli, umejengwa 1897 juu ya Thomas Hill, wa mviringo na mweupe. Sanamu ya mkata miti Paul Bunyan ipo, urefu wa futi 31, kama mita tisa na nusu. Kenduskeag inapita mjini ndani ya kuta za mawe. Dakika kumi za kutazama hivyo vitatu zinamsaidia kuliko saa tano za filamu. Derry ni ya kubuni, lakini imejengwa juu ya mifupa ya Bangor.

Sanifu_na_Mtaa
Na achore ramani yake. Si lazima iwe nzuri. Mfereji katikati, Barrens upande mmoja, mnara juu ya kilima, maktaba, magofu ya kiwanda cha Kitchener, na nyumba nambari 29 ya barabara ya Neibolt karibu na stesheni ya treni. Sura ya 11, ambapo kila mmoja anatembea peke yake mjini baada ya miaka 27, ni ramani inayotembea. Asiyekuwa na ramani anaiona sura hiyo inazurura.

Pwani_Kimya
Wazo la pembeni. Kama baada ya sura ya 6 bado mnahema, si aibu kukiweka chini na kuanza na 'Salem's Lot, ya King huyohuyo, 1975. Toleo la kwanza lina kurasa 439, chini ya nusu. Nayo ni mji mdogo wa Maine unaoliwa taratibu, lakini hakuna miaka miwili ya kusuka. Ina sura inayoanza saa kumi alfajiri na kuzunguka nyumba hadi nyumba mpaka usiku, hadi unaujua mji mzima: nani anakamua ng'ombe, nani anapiga mtoto, nani anasikiliza simu za watu. Hapo orodhesha watu kwa nyumba, usiandike kwa majina peke yake, kwa maana baadaye nyumba ndizo zinazozimika moja moja. Na msisome maneno ya nyuma ya jalada. Kitabu kinaficha aina ya ubaya wake muda mrefu, na wachapishaji wameutangaza hapo nyuma.

Ukishaumaliza mji huo, Derry haitakutisha kwa wingi wa watu.

Mtaa_wa_Pili
Napinga. Ameshafika sura ya 5, ameshavuka sura ya 3. Akiweka chini sasa atarudi baada ya miezi sita na ataanza mwanzo. Afike sura ya 7 kwanza, wanapojenga bwawa bondeni. Kama watoto wale hawajamshika hapo, basi kweli kitabu si chake.

Pwani_Kimya
Sawa, sura ya 7 ni kipimo cha haki. Nakubali.

Koroboi_Usiku
Basi tunaendelea hadi ya 7, tukikwama tunahamia 'Salem's Lot. Kuna la mwisho la kujua kabla hatujafika mbele?

Fundi_Jalada
Moja. Kuanzia sehemu ya tano, sura ya 19 kwenda mbele, 1958 na 1985 zinakaribiana hadi zinagusana. Kifungu kitaishia katikati ya sentensi, bila nukta. Chini yake kuna kichwa kipya chenye mahali na saa, na sentensi ileile inaendelea upande wa mwaka mwingine. Mtoto anaanza hatua, mtu mzima anaimaliza. Watu hudhani ukurasa umepotea au faili la kitabu pepe limeharibika, wanakwenda kulalamika dukani. Ni makusudi. Soma kichwa hicho kama sehemu ya sentensi na uendelee bila kupumua. Mwenye kusoma kwenye simu aongeze ukubwa wa herufi kidogo ili asikiruke kichwa kwa kidole.

Na tofauti yake na kitabu kibovu cha mtumba mnaijua hivi: sentensi ikiunganika na iliyo chini, mko salama. Isipounganika, hesabuni kurasa.